Kisima cha mafuta mazito: fuata joto kabla ya kuongeza mvuke

Kisima cha mafuta mazito kikipungua, agizo linalotoka haraka ni "ongezeni mvuke". Mara nyingi siyo dawa. Mvuke upo wa kutosha, ila joto lake limeishia kwenye mabomba ya juu, limenyonywa na mwamba wa paa (unaoufunika mchanga kwa juu), au limekimbilia kisima cha jirani. Anayetaka kuongeza uzalishaji aanze kwa kulifuata joto kutoka boila hadi kwenye mchanga wenye mafuta, na aache suala la kuongeza boila liwe la mwisho.

Njia inayoelezwa hapa ni ya mvuke wa mizunguko: kisima kilekile kinasukumiwa mvuke kwa siku kadhaa, kinafungwa kitulie, kisha kinafunguliwa kitoe mafuta, na mzunguko unarudiwa. Iligunduliwa kwa bahati Mene Grande, Venezuela, mwaka 1959. Mvuke uliokuwa ukisukumwa chini kwa majaribio ulitokeza juu ya ardhi, wahandisi wakafungulia visima kushusha presha, na visima hivyo vikaanza kutoa mafuta mengi kuliko ilivyotarajiwa.

Hakikisha kwanza kwamba tatizo ni mnato

Mafuta huitwa mazito yanapokuwa chini ya digrii 22 hivi za API, kipimo cha uzito wa mafuta ambacho namba ikishuka mafuta ni mazito zaidi. Lakini kuganda ndani ya kopo si ushahidi. Mafuta ya Ziwa Albert, Uganda, huganda yakiwa kwenye joto la kawaida kwa sababu yana nta nyingi, ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 linalokwenda Tanga limesanifiwa kupashwa joto ili mafuta yabaki juu ya nyuzi 50 za Selsiasi. Chini kwenye mwamba wake, ambako kuna joto, mafuta hayo hutiririka vizuri. Mvuke hapo ungekuwa hasara tupu. Pima mnato kwa joto la tabaka lenyewe la mafuta, sampuli ikiwa bado na gesi yake.

Mafuta yanayofaa mvuke hubadilika sana yakipashwa. Yenye mnato wa sentipoizi 5,000 kwa nyuzi 50 hushuka hadi karibu 200 yakifika nyuzi 100, na karibu 10 yakifika nyuzi 200. Tazama kwamba faida kubwa imeshapatikana kabla ya nyuzi 150. Kwa hiyo kupasha eneo kubwa kwa wastani kuna maana kuliko kuchemsha mita chache zinazozunguka kisima.

Hesabu ya dakika kumi

Kabla ya kugusa valvu yoyote, piga hesabu hii. Tani moja ya mvuke kwa presha ya megapaskali 5 (nyuzi 264), wenye ukavu wa asilimia 80, yaani asilimia 80 ya uzito ni mvuke halisi na iliyobaki ni maji ya moto, huacha karibu megajuli 2,250 ikipoa hadi nyuzi 50 za tabaka. Mita moja ya ujazo ya mchanga uliojaa maji na mafuta huhitaji takriban megajuli 430 kupanda kutoka nyuzi 50 hadi 230. Kwa hiyo tani moja hupasha mita za ujazo 5.2 za mwamba, kama hakuna kinachopotea.

Sasa mwamba wenye vinyweleo (nafasi ndogondogo kati ya chembe zake) asilimia 30, ambamo mafuta yanachukua asilimia 65 ya nafasi na asilimia 20 yatabaki hata baada ya kupashwa, una lita 135 za mafuta yanayoweza kutoka katika kila mita ya ujazo. Mara 5.2, unapata mita za ujazo 0.7 kwa tani ya mvuke: uwiano wa mvuke kwa mafuta wa 1.4 kwenye karatasi, na 2 hadi 3 ukishakata upotevu wa kawaida. Badilisha tarakimu: vinyweleo asilimia 25, mafuta asilimia 45. Uwiano unaanzia 3 kwenye karatasi na kufika 5 au 6 uwanjani. Mwamba wa namna hiyo hauokolewi na ustadi wa opereta.

Kwa nini uwiano ndio kipimo? Kugeuza tani moja ya maji kuwa mvuke huo, boila ikiwa na ufanisi wa asilimia 85, hula megajuli 2,600, karibu mita za ujazo 70 za gesi asilia. Uwiano ukiwa 3, unachoma karibu moja ya tano ya nishati iliyomo katika mafuta unayoyatoa. Ukifika 8, umevuka nusu.

Tabaka jembamba, chini ya mita 8 au 10, lina ugonjwa wake: paa na sakafu hunyonya joto kwa kasi kuliko mchanga. Litarudiwa mwishoni.

Boila na maji yake

Boila za uwanjani ni za mpito mmoja: maji yanaingia upande huu, mvuke wa ukavu wa asilimia 75 hadi 80 unatoka upande ule. Haziruhusiwi kukausha zaidi, kwa sababu chumvi zote zilizoyeyuka lazima zibebwe na ile asilimia 20 ya maji iliyobaki. Kwa ukavu wa 80, chumvi hujikusanya mara tano. Maji yakiwa na kalisi na magnesi hukauka kuwa ukoko ndani ya mirija, mrija unapata moto kupita kiasi, unavimba, unapasuka. Shikilia ugumu wa maji chini ya miligramu 1 kwa lita, mafuta yaliyosalia kwenye maji chini ya miligramu 1, na ondoa oksijeni. Silika nayo ipunguzwe ikiwa maji yanayorudi kutoka kisimani ndiyo yanayotumika tena, maana hutoka huko yakiwa nayo nyingi.

Usiamini namba ya ukavu inayoonyeshwa kwenye skrini. Chota maji ya kulishia boila, kisha chota maji yaliyotenganishwa kutoka kwenye mvuke, na upime kloridi katika yote mawili. Kama ya kwanza ni miligramu 200 na ya pili ni 1,000, gawanya: 200 kwa 1,000 ni 0.2, hivyo ukavu ni asilimia 80. Kipimo hiki kinachukua robo saa na kinafichua mita zilizopotoka.

Mahali pengine pa kuangalia ni pale bomba kuu linapogawanyika kwenda visima viwili. Kwenye kiungo cha kawaida cha njia tatu, mvuke na maji havigawanyiki sawa. Tawi linaloendelea moja kwa moja hubeba maji mengi, tawi la pembeni hupata mvuke mkavu, au kinyume chake kutegemea mwendo. Visima viwili vinaandikiwa tani zilezile huku kimoja kikipokea maji ya moto. Pima kloridi baada ya kila mgawanyiko; ukikuta tofauti, weka kitenganishi au kiungo kinachogonganisha mtiririko kabla ya kuugawa. Na kagua sufi ya kuzuia joto baada ya mvua: ikilowa, ni kama haipo.

Ndani ya kisima

Hapa ndipo wengi wanapoteza bila kujua, kwa kusukuma mvuke polepole wakidhani wanaokoa. Bomba la ndani hupoteza kiasi kilekile cha joto kwa kila mita, uwe unasukuma tani 200 kwa siku au 60. Tuseme upotevu ni kilowati 0.8 kwa mita kwenye kisima cha mita 600: jumla kilowati 480. Ukisukuma tani 200 kwa siku, ukavu unashuka kwa pointi 13 tu njiani. Ukisukuma tani 60, unashuka kwa pointi 42, na mvuke ulioanza na 80 unafika chini ukiwa na 38. Ikiwa tabaka halipokei kwa kasi, rekebisha kisima kwanza, au weka bomba la kuta mbili zenye ombwe katikati. Nafasi kati ya bomba la ndani na kesingi (bomba la nje lililoshikwa na saruji) isiwe na maji. Sukuma naitrojeni kuikausha, na kizibo cha chini kiwe cha kuhimili joto.

Kesingi inahitaji kufikiriwa siku ya kuchoronga, siyo siku ya kusukuma mvuke. Chuma kilichoshikwa na saruji hakiwezi kurefuka, hivyo kila nyuzi moja ya joto inakibana kwa megapaskali 2.4 hivi. Kesingi ya daraja la K55 hufika mwisho wa ustahimilivu wake ikipanda nyuzi 158. L80 ikipanda nyuzi 230. Ndiyo maana kesingi za mvuke huvunjika kwenye viungo, tena wakati wa kupoa, pale chuma kilichokwisha kubanwa kinapovutwa. Tumia viungo vya kuzuia gesi badala ya viungo vya kawaida vya skrubu. Saruji ipande hadi juu ya ardhi, ichanganywe na unga wa silika asilimia 35 hadi 40 ya uzito wa saruji, kwa kuwa juu ya nyuzi 110 saruji tupu hupoteza nguvu na kuvuja. Bomba la ndani lisiloshikwa, la mita 500, litarefuka karibu mita 1.4 likipanda nyuzi 230: liachiwe kiungo cha kuteleza. Kichwa cha kisima nacho kitapanda, kwa hiyo bomba linalokiunganisha liwe na mkunjo wa kunyumbuka.

Kusukuma mvuke

Kwa mzunguko wa kwanza, anza na tani 80 hadi 120 kwa kila mita ya unene wa mchanga mzuri, ukavu usipungue 70 kichwani. Tabaka la mita 20 litachukua tani 2,000 hivi. Kwa tani 150 hadi 200 kwa siku ni siku 10 hadi 13. Mizunguko inayofuata ongeza asilimia 10 hadi 15 kila mara, kwa sababu mafuta ya karibu yamekwisha na joto lazima lifike mbali zaidi. Usijidanganye kuhusu umbali huo: tani 2,000 kwenye tabaka hilo, baada ya kukata upotevu wa asilimia 30, hupasha duara la nusu-kipenyo cha mita 11 tu. Visima vilivyopangwa mita 100 kwa 100 vina bahari ya mafuta baridi katikati.

Presha ndani ya kisima, kwenye kina cha tabaka, isifike asilimia 90 ya ile inayopasua mwamba, isipokuwa mpango wenyewe ni wa kupasua, kama wanavyofanya Cold Lake, Alberta. Chora presha na kiasi kila siku. Presha ikianguka ghafla huku kiasi kinapanda, mvuke umepata njia ya mkato. Tembea mara moja kwenye visima jirani: angalia joto la vichwa vyao na pima kloridi ya maji wanayotoa. Maji ya tabaka huwa na chumvi. Mvuke uliogeuka maji hauna. Kloridi ikishuka kwa jirani, mvuke wako uko kwake, na pengine amepata mafuta mengi wiki hii ambayo msimamizi wake anajisifia.

Njia ya mkato ikishapatikana, una dawa tatu zinazofanya kazi. Ya kwanza ni kusukuma visima jirani kwa pamoja, ili presha zao zizuiane; haina gharama ya ziada na ndiyo ijaribiwe kwanza. Ya pili ni povu: safaktanti (kemikali ya kutoa povu kama sabuni) inayohimili joto pamoja na naitrojeni, ambayo huziba njia yenye nafasi kubwa isiyo na mafuta na kuugeuza mvuke upande mwingine. Povu hufa penye mafuta mengi, na hiyo ndiyo faida yake. Ya tatu ni kuziba sehemu ya kisima kwa vizibo na kusukuma kwenye tabaka la chini peke yake. Jeli za polima za kawaida ziache; huharibika kwenye joto hili.

Kutulia na kufungua

Siku 3 hadi 7 zinatosha kwa kisima cha ukubwa huu. Usifuate kalenda: soma presha ya kichwani kila saa chache. Inaanguka kwa kasi mvuke unapogeuka maji, kisha mstari unalala. Mstari ukilala, fungua. Ukifungua mapema, mvuke hai unarudi juu na mchanga. Ukichelewa, unapasha paa bure. Kwenye mizunguko ya baadaye, presha ikiwa imeshachoka, siku mbili tatu zinatosha.

Fungua kwa valvu ndogo. Siku za kwanza kutatoka maji karibu matupu. Ni mvuke wako unaorudi, usiogope. Ukishusha presha haraka, maji ya nyuzi 200 yanachemka hapohapo ndani ya kisima, pampu inajaa mvuke na kupiga hewa, mchanga unakokotwa. Pampu ya fito, ambayo pistoni yake huendeshwa na fito kutoka juu, ndiyo chaguo salama. Pampu ya skrubu yenye mpira ndani huharibika ikipita nyuzi 120 hadi 150, kutegemea mpira wenyewe, kwa hiyo isubiri kisima kipoe au itumike ya chuma kwa chuma.

Kuna upotevu mmoja mkubwa usioingia kwenye ripoti: ukarabati wa kati, pale bomba la mvuke linapotolewa ili pampu ishushwe. Siku tano za mtambo wa ukarabati, na kisima kinatulizwa kwa maji baridi yanayoua joto ulilolilipia na kuvimbisha udongo wa mfinyanzi ndani ya mwamba. Nunua pampu inayoruhusu mvuke upite kwa kuinua pistoni tu, bila kutoa kitu. Ikibidi kutuliza, tumia maji ya moto yenye kloridi ya potasiamu asilimia 2.

Tahadhari isiyo na mjadala: juu ya nyuzi 200 salfa iliyomo kwenye mafuta mazito humenyuka na maji na kutoa haidrojeni salfaidi. Kisima kilichokuwa safi mzunguko wa kwanza kinaweza kuwa nayo mzunguko wa tatu. Kila mtu kichwani mwa kisima avae kengele iliyowekwa ilie kwenye sehemu 10 kwa milioni. Kwenye 100 uhai uko hatarini mara moja. Usitegemee pua, maana gesi hii huua uwezo wa kunusa kabla ya kumuua mtu.

Lini uanze mzunguko mpya

Wengi husubiri kisima kikauke. Kanuni iliyo bora ni hii: gawanya mafuta yote ya mzunguko kwa siku zake zote, pamoja na siku za kusukuma, kutulia na ukarabati. Uzalishaji wa leo ukishuka chini ya wastani huo, kila siku unayosubiri inakupunguzia. Mfano: siku 22 bila mafuta, siku 150 za kutoa, mita za ujazo 1,500. Wastani ni 8.7 kwa siku. Ikiwa leo kisima kinatoa 6, umechelewa. Boila zikiwa chache, mvuke uende kwanza kwenye kisima chenye uwiano mdogo, hata kama mwenzake anatoa mafuta mengi kwa siku.

Mizunguko ikichoka

Baada ya mizunguko mitano, sita, uwiano unapanda bila kushuka. Presha ya tabaka imeanguka na visima vimeanza kusikilizana. Watu huliona hili kama mwisho, kumbe ndio wakati mzuri wa kugeuza baadhi ya visima kuwa vya kusukuma mvuke moja kwa moja, na vinavyovizunguka vitoe. Presha ndogo ni rafiki: kwa megapaskali 10, joto ambalo mvuke huacha ukigeuka maji ni kilojuli 1,317 kwa kilo, kwa 5 ni 1,640, kwa 1 ni 2,015. Duri kule Indonesia na Kern River, California, wameendesha mashamba makubwa namna hii kwa miongo, na Mukhaizna, Oman, ni mfano wa jangwani, ambako hata maji ya boila yanapatikana kwa kuchemsha na kukusanya upya maji machafu ya visimani.

Sharti ni kwamba visima vya kutoa vitoe zaidi ya kinachosukumwa, mara 1.1 hadi 1.2, la sivyo presha inapanda na mvuke unageuka maji njiani. Ukavu ufike chini ukiwa juu ya asilimia 40. Mvuke ukitokea kwenye kisima cha kutoa, usikifunge. Kibane polepole hadi maji ya moto yazibe mlango wake, kisha kiachie tena. Uwanja ukishazeeka, punguza mvuke hatua kwa hatua. Joto lililohifadhiwa kwenye mwamba huendelea kufanya kazi kwa miezi mingi.

Tabaka jembamba: polima badala ya mvuke

Pelican Lake, Alberta, ina mchanga wa mita chache tu. Mvuke haufai pale. Wanasukuma maji yaliyonenepeshwa kwa polima (kemikali yenye molekuli ndefu kama nyuzi) kupitia visima vya mlalo. Marmul, kusini mwa Oman, walianza kwa kiwango kikubwa mwaka 2010, mafuta yao yakiwa na mnato wa sentipoizi 90 hivi. Lengo siyo kuufikia mnato wa mafuta. Maji ya sentipoizi 15 hadi 20 tayari yanazuia sehemu kubwa ya vidole vya maji vinavyokatiza katikati ya mafuta.

Masharti ni joto la tabaka lisizidi nyuzi 75 hivi kwa polima ya kawaida, na maji ya kuchanganyia yawe na chumvi kidogo, kwa kuwa kalisi hukunja nyuzi za polima na mnato unaanguka. Changanya kwanza mchuzi mzito wa miligramu 5,000 hadi 10,000 kwa lita, uache saa moja uvimbe, kisha uuzimue. Matangi yafunikwe kwa naitrojeni: oksijeni ikikutana na chuma kilichoyeyuka ndani ya maji hukata polima vipande. Valvu ya kubana nayo hukata, kwa hiyo kiasi kiendeshwe kwa kasi ya pampu na valvu iachwe wazi. Sampuli ya kupima mnato ichotwe kichwani mwa kisima, kwa chupa ya presha, si kwa kufungua bomba na kukinga ndoo. Ndoo itakuonyesha polima iliyokatika hata kama ya kwenye bomba ni nzima.